Simu ya Ijumaa Jioni: Kisa cha Bondia wa Uzito wa Juu Aliyepewa Siku 23

Rekodi yake ilisomeka vizuri: mapambano sita, ushindi sita, matano kwa KO, yaani mpinzani kuangushwa asiweze kuendelea. Miaka 26, urefu sentimita 191, kilo 108 siku simu ilipolia. Bondia huyu hatumtaji jina kwa sababu hayupo. Ameundwa kwa hali ambazo yeyote aliyezoea kumbi za ndondi za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, atazitambua mara moja, ili hesabu zake zifunguliwe hadharani bila kumuanika mtu aliye hai. Mabondia wanaotajwa kwa majina humu, mapambano yao na kanuni zinazozungumziwa ni vya kweli.

Dalali kutoka Ulaya alimpigia meneja Ijumaa jioni. Pambano la raundi nane, Ujerumani, Jumamosi ya siku ya 23. Malipo euro 5,000, tiketi mbili za ndege, chumba cha hoteli. Mpinzani ni mwenyeji, ameshinda 14 na hajapoteza. Jibu litolewe kabla ya Jumamosi adhuhuri, maana, kwa lugha ileile ya madalali wote, "kuna mwingine anangoja". Meneja akakubali usiku huohuo. Pambano likaisha raundi ya nne, kijana wa Nairobi akiwa amesimama lakini macho hayamtazami refa.

Waliokuwepo watasema kilichomwangusha ni mkono wa kushoto. Ni kweli, ila mkono huo ulikuwa wa mwisho kwenye foleni ndefu.

Ushindi sita, raundi kumi na moja

Anayeijua kazi hii haanzi na safu ya ushindi. Anaanza na safu ya raundi. Mapambano matatu ya kwanza ya kijana huyu yaliisha raundi ya kwanza, mawili yaliyofuata raundi ya pili, na la sita likaenda raundi zote nne likaamuliwa kwa pointi. Jumla raundi 11. Katika miaka miwili ya ngumi za kulipwa hakutimiza hata dakika 33 za kazi, na sasa anatakiwa ajiandae kwa dakika 24 za usiku mmoja, mbele ya mtu mwenye raundi 61 mwilini ambaye mara mbili ameshafika mwisho wa raundi ya nane.

Nairobi ina mabondia tele, lakini wakubwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Sifa ya Kenya ilijengwa na watu wepesi na wa kati: Philip Waruinge, shaba 1968 na fedha 1972 katika uzito wa unyoya, Robert Wangila, dhahabu ya Seoul 1988 katika uzito wa welta. Kijana wa kilo 100 mwenye miguu huwahiwa na raga, au na timu za Polisi, Magereza na Jeshi, ambako mshahara unaingia kila mwezi apigane asipigane. Elly Ajowi wa Polisi alifika Olimpiki ya Tokyo, akatolewa na Julio César La Cruz wa Cuba, ambaye ndiye aliyetwaa dhahabu. Lakini hata uzito wa juu wa ridhaa wa michezo ile uliishia kilo 91, na waliozidi hapo walikuwa na daraja lao. Kwenye ngumi za kulipwa hapo ndipo mlango unapofunguliwa: pauni 200, yaani kilo 90.7, na kutoka hapo kwenda juu hakuna dari.

Kwa hiyo promota wa hapa akitaka kumwinua mkubwa wake anaokoteza. Anampata baunsa wa klabu aliyewahi kuvaa glavu shuleni, au bondia wa kilo 88 anayekunywa maji lita mbili kabla ya kupanda mizani ili afike 91. Ukumbi unafurahi, mtu anaanguka mapema, na rekodi inapanda kwenye BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia. KO ya raundi ya kwanza dhidi ya baunsa ni tangazo zuri na shule mbovu. Mpangaji wa mapambano wa Ulaya naye anaingia BoxRec, anaona safu ileile ya raundi, na anajua anachonunua: mtu mkubwa, rekodi safi ya kuweka kwenye bango, na hakuna ushahidi kwamba ataipita raundi ya nne.

Tusimdharau kijana kwa hili. Limewapata wakubwa zaidi. George Foreman alipokwenda Kinshasa kupigana na Muhammad Ali Oktoba 30, 1974, alikuwa ameshinda 40 bila kupoteza, 37 kwa KO, na hakuna hata mmoja wa wapinzani wake wanane wa mwisho aliyevuka raundi ya pili. Misuli ilijua kuvunja mtu haraka. Haikuwa na kumbukumbu ya karibuni ya kupiga kwa dakika 20 mfululizo huku mtu hataki kuanguka. Raundi ya nane akaisha. Tazama jinsi alivyojijenga mara ya pili: alirudi ulingoni Machi 1987 akiwa na kilo 121, watu wakicheka, na kabla ya kukutana na Evander Holyfield Aprili 1991 alishinda mapambano 24, mengi dhidi ya wapinzani ambao magazeti yaliwakejeli. Akapoteza kwa Holyfield kwa pointi, lakini alimaliza raundi zote 12 akiwa na miaka 42. Novemba 5, 1994 akamwangusha Michael Moorer raundi ya kumi na kurudisha mkanda akiwa na miaka 45, katika pambano alilokuwa nyuma kwa pointi kwenye kadi zote tatu za majaji. Mtu wa raundi mbili hafiki huko.

Siku 23 zinazobaki nne

Kwa simu, siku 23 zinasikika kama wiki tatu na ushee. Zihesabu.

Siku ya 1 ni Ijumaa usiku. Siku ya 2 na ya 3 ni wikendi: kamisheni imefungwa, ubalozi umefungwa. Jumatatu, siku ya 4, damu inapimwa: virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C. Jumanne MRI, picha ya ndani ya ubongo, na foleni yake inakula siku nzima. Jumatano kipimo cha moyo na macho, majibu ya damu, na kwenda Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa ya Kenya kuomba kibali cha kupigana nje, kwa sababu bila barua ile chama cha huko hakitakiwi kumruhusu apande. Alhamisi, siku ya 7, ubalozini na barua ya mwaliko, alama za vidole, ada ya euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Kanuni za viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, zinawapa siku 15 za kalenda kuamua ombi lililokamilika. Siku 15 kutoka siku ya 7 ni siku ya 22, yaani siku ya kupima uzito. Hapo pambano lilikuwa limeshakufa kwenye karatasi, na lilifufuliwa tu kwa sababu promota wa huko alipiga simu zake. Viza ikatoka siku ya 18. Ndege usiku wa siku ya 19.

Sasa hesabu mazoezi. Sparingi ngumu, yaani kupigana na wenzake kwa mazoezi, inasimama siku saba hadi kumi kabla ya pambano ili mwili upone na mpasuko wowote ufunge, kwa hiyo ya mwisho iwe siku ya 15 hivi. Kwa mwendo wa sparingi tatu kwa wiki, kati ya siku ya 2 na ya 15 zinaingia sita. Moja ilimezwa na MRI, moja na ubalozi. Zikabaki nne, za raundi tano tano: raundi 20. Kwa pambano la raundi nane, kambi ya wiki nane inayofika raundi 80 za sparingi haijapitiliza.

Tena karibu siku tatu kati ya hizo zingeokolewa bila senti ya ziada. Vipimo vya damu hukubaliwa na kamisheni nyingi vikiwa havijazidi miezi sita. MRI kwa kawaida mwaka mmoja. Bondia anayengoja simu huvifanya mwezi ambao hana pambano, anaweka majibu na picha za MRI kwenye faili moja na nakala kwenye simu ya meneja, na pasipoti yenye miezi ya kutosha na kurasa tupu. Kijana wetu alikuwa na pasipoti tu. Isitoshe, MRI ya haraka ni MRI inayosomwa haraka, na kazi yake hasa ni kulinganishwa na ya mwaka uliopita. Ya kwanza kabisa haina cha kulinganishwa nayo.

Mafunzo na watu wadogo

Hapa ndipo pambano lilipopotea, kwa maoni yetu, kuliko pale ubalozini.

Wenzake wa sparingi walikuwa watatu, kilo 79, 84 na 86. Ni wepesi, wanampa mbio, na kocha yeyote angewashukuru. Lakini bondia wa kilo 108 anayefanya kazi na watu wa 84 mwezi baada ya mwezi anajifunza mambo manne ambayo hakuna aliyekusudia kumfundisha. Anazoea kupiga kwenda chini, kwa hiyo bega la kulia linashuka kabla konde halijatoka. Anapunguza nguvu ili asiwaumize, na mkono unaopunguza nguvu hurudi polepole. Anaacha glavu ya kushoto ikae kifuani, maana makonde ya wepesi yakimpata shavuni hayamfundishi adabu. La nne ndilo baya: hakuna anayemwegemea.

Kwenye uzito wa juu kushikana ni silaha. Wladimir Klitschko alimshika na kumlalia Alexander Povetkin usiku kucha jijini Moscow, Oktoba 5, 2013, akashinda kwa pointi. Watazamaji walilalamika, lakini miguu ya Povetkin ilishakwisha. Mtu wa kilo 112 anapokuwekea mkono nyuma ya shingo na kuachia uzito wake, mapaja na mgongo wako ndivyo vinavyobeba. Gunia la mahindi la kilo 90 kila mtu Nairobi anajua linavyokuwa begani; sasa lisilo na umbo, linalosogea, linalovuta kichwa chini, mara tano kwa raundi. Baada ya raundi mbili mikono inashuka, na bondia anadhani amechoka mikono. Kilichochoka ni miguu.

Dawa yake haihitaji bondia mwingine mkubwa. Inahitaji mtu mkubwa tu. Mafowadi wa raga wenye kilo 110 na zaidi wapo Nairobi, na kuegemea ndiyo kazi yao. Raundi tatu za mazoezi kwa wiki zianze wakiwa tayari wameshikana: sekunde 30 za kusukumana, sekunde 30 za kutoka, bila makonde ya kichwa. Bondia apitishe mkono mmoja chini ya kwapa la mwenzake, paji la uso limkae kifuani na lisiingie chini ya kwapa lake, kisha atoke kwa hatua ya pembeni. Akirudi nyuma moja kwa moja anavutwa tena, na njiani anakula konde la chini kwenda juu. Wiki sita za hayo na shingo inabadilika.

Halafu mkono. Siku ya 9 ndipo kocha alipoiona video ya mpinzani na kugundua kwamba anasimama kwa kushoto, yaani mkono na mguu wa kulia vikiwa mbele. Siku ya tisa! Meneja alishasaini bila kuuliza swali ambalo hata mtoto wa mtaa wa Jericho anayepiga gunia angeuliza. Mbele ya bondia wa kushoto jabu, konde la mkono wa mbele, haina njia, kwa sababu mikono ya mbele ya wote wawili inagongana. Mguu wako wa mbele lazima ukae nje ya mguu wake, na konde la kwanza liwe la kulia lililonyooka, bila jabu ya kulitangulia. Haya huchukua wiki nyingi kuingia miguuni. Kocha alifanya alichoweza: yule wa kilo 84 akageuza msimamo na kujifanya wa kushoto. Mtu wa kulia anayejifanya wa kushoto anakupa picha bila konde, kwani mkono wake wa nyuma hauna uzito.

Kilo nne zisizohitajika

Kocha alitaka kijana apande na kilo 104, uzito aliopigania vizuri zaidi. Kwa wiki nane lingekuwa jambo la kawaida. Kwa siku 23 likawa kosa, na kosa la aina ya pekee kwenye uzito huu, kwa sababu hakuna mizani ya kumkataa. Angepanda na 108 asingetozwa chochote.

Akakimbia kilomita 10 kila alfajiri, akapunguza ugali hadi mkono mmoja, akaacha wanga usiku. Mwili wa kilo 108 unaofanya kazi mara mbili kwa siku unahitaji protini kama gramu 1.8 kwa kila kilo, yaani karibu gramu 195, na hiyo inapatikana kwa chakula cha hapa bila mkebe wowote wa unga wa kigeni: mayai sita gramu 36 hivi, nyama robo kilo 52, vikombe viwili vya ndengu zilizopikwa 28, maziwa lita moja 33, omena kavu gramu 50 zitoe 30, na ugali wa unga gramu 200 umalizie 16. Ukiuondoa ugali unaondoa kidogo tu cha protini. Unachoondoa hasa ni kuni za sparingi. Sparingi ya tatu kijana alikuwa mzito wa miguu kufikia raundi ya tatu, na kila mtu ukumbini akasema hajafika fiti bado, akimbie zaidi.

Siku ya 11 akashikwa na mafua. Mwili unaofanyishwa kazi nyingi na kulishwa kidogo hufungua mlango huo. Vidonge vingi vya mafua vya dukani vina pseudoephedrine, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya pambano ni marufuku. Kwa bahati kocha alisoma boksi. Wakala wa Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu, ADAK, hujibu maswali ya aina hii, na kuuliza ni bure.

Alipima kilo 103.6. Mpinzani 112.4, urefu sentimita 198. Faida pekee aliyokwenda nayo ni mapafu: aliyezoea mita 1,795 za Nairobi hupumua vizuri akishuka bondeni. Lakini mapafu hayabebi gunia.

Dakika kumi na moja

Raundi ya kwanza alipiga jabu nyingi, zikaishia kwenye glavu ya mbele ya mwenyeji. Raundi ya pili alipata kulia moja safi, nzuri kweli, na jibu lake likawa kukumbatiwa. Mara nne katika raundi ile mwenyeji alimlalia shingoni na refa akachelewa kuwatenganisha. Ugenini refa huchelewa. Hilo lipangiwe, halilalamikiwi.

Kona, yaani watu wanaomhudumia bondia kati ya raundi, ilikuwa na mtu mmoja tu wa kwetu. Tiketi mbili maana yake bondia na kocha. Mtu wa kutibu mipasuko alikodishwa hukohuko, na hakuelewa Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Dakika moja ya mapumziko ina sekunde 40 tu za kazi ukitoa kukaa na kuinuka. Kocha akashika kiti, maji, taulo na chuma cha baridi, halafu ndipo aseme. Neno lililohitajika lilikuwa moja: "Mguu nje." Akasema mambo sita. Anayedhani kona ni urembo na amkumbuke Mike Tyson jijini Tokyo, Februari 11, 1990. Jicho lake la kushoto lilikuwa linafunga mbele ya Buster Douglas, na kona yake haikuwa na chuma cha kukandamizia uvimbe. Wakajaza maji ya barafu kwenye glavu ya mpira.

Raundi ya tatu mikono ikashuka. Ya nne, dakika ya pili, bega la kulia likashuka kama kawaida yake, tayari kupiga mtu wa kilo 84 ambaye hakuwepo, na kushoto kukapita juu yake. Akaamka kwa hesabu ya nane. Refa akamtazama, akamwomba apige hatua mbili, akasimamisha. Uamuzi sahihi, hakuna ubishi.

Pesa zilizofika Nairobi

Euro 5,000, kwa shilingi 150 kila moja, ni shilingi 750,000. Kijana aliwaambia nyumbani laki saba na nusu.

Ujerumani humkata mwanamichezo asiye mkazi asilimia 15 kwenye chanzo, pamoja na nyongeza ya asilimia 5.5 ya kodi hiyo yenyewe: 15.825 kwa jumla, yaani euro 791.25. Mkataba wake na meneja ulisema asilimia 30, kocha 10, dalali 10. Neno lililokosekana lilikuwa dogo: asilimia ya nini? Kwa kuwa halikuandikwa, zilikatwa kwenye 5,000 nzima: euro 2,500. Vipimo na viza, kama euro 300, vikamwangukia bondia peke yake. Zilizobaki ni euro 1,408.75, shilingi 211,000 na kidogo.

Kama mkataba ungesema asilimia zikatwe baada ya kodi na gharama za pambano, msingi ungekuwa euro 3,908.75, nusu yake ingekuwa 1,954, na kijana angerudi na shilingi 293,000. Shilingi 82,000 zimepotea kwa sentensi moja. Ukumbuke pia kwamba meneja aliyesema ndiyo usiku uleule alipata euro 1,500 bila kukunja ngumi. Hatusemi ana nia mbaya. Tunasema kwamba asilimia ikikatwa juu, anayekata hana sababu ya kuuliza mpinzani anasimama kwa mkono gani.

Je, angekataa?

Si lazima. Notisi fupi peke yake haiui. Andy Ruiz Jr. alipewa nafasi ya kumkabili Anthony Joshua ikiwa imebaki kama mwezi mmoja, baada ya Jarrell Miller kukutwa na dawa zilizokatazwa, na Juni 1, 2019 akamwangusha Joshua mara nne na kumsimamisha raundi ya saba, Madison Square Garden. Wanaomtaja Ruiz kama ushahidi kwamba "lolote linawezekana" huacha nusu ya habari: alikuwa amepigana Aprili 20, wiki sita tu kabla, kwa hiyo kambi ilikuwa bado na joto, alikuwa na mapambano 33 ya kulipwa, likiwemo la raundi 12 na Joseph Parker, na mengine zaidi ya 100 ya ridhaa. Desemba mwaka huohuo akapewa muda wa kutosha kwa marudiano, akapanda mizani na kilo zaidi ya 128 kutoka karibu 122, akapoteza kwa pointi. Muda bila kazi haukumsaidia. Kazi bila muda ilimsaidia, kwa kuwa ilishafanywa.

Kijana wetu hakuwa na akiba hiyo. Jibu zuri la Ijumaa ile lilikuwa la tatu, katikati ya ndiyo na hapana: raundi sita badala ya nane, wiki saba badala ya tatu, tiketi tatu badala ya mbili, hata kwa euro 3,500. Mara nyingi dalali angesema haiwezekani na kukata simu. Mara chache angerudi Jumatatu, maana hata wao wakubwa hawawapati kirahisi. Na kabla ya kusaini, mambo ambayo lazima yaandikwe: nani analipia hospitali akiumia na hadi kiasi gani, atalipwa nini akishafika na pambano likavunjika, kwani wenyeji huugua ghafla, ukubwa wa ulingo, futi 16 au 20 ndani ya kamba, ambao kwa mtu mwepesi zaidi ni tofauti ya kupumua na kutopumua, glavu za wakia 10 za aina gani, na ni chama gani kinasimamia, kwa sababu Ujerumani ina zaidi ya kimoja na si vyote vinavyokagua kwa ukali uleule.

Siku 60 na baada yake

Alifungiwa siku 60 kwa sababu za kiafya. Wengi huona kifungo hicho kama adhabu juu ya kipigo, na hapo ndipo panapokuja hatari kubwa kuliko zote za kisa hiki. Siku ya 41 simu italia tena. Sasa yeye si bondia asiyeshindwa tena, ni "mpinzani": euro 3,500, siku tisa, nchi nyingine ambayo pengine haikuona tangazo la kifungo. Akiumwa kichwa asubuhi hatasema. Wangila, bingwa wa Olimpiki, alifariki Julai 1994 kutokana na majeraha ya pambano la Las Vegas, na hakuwa mtu wa kuokotwa.

Hesabu ya kumrudisha ipo. Siku 30 za kwanza hapigwi kichwani hata kwa mchezo: anatembea, anaogelea, anajenga shingo na miguu, anarudia MRI, na safari hii kuna ya kulinganisha. Siku 30 zinazofuata anapiga gunia, anafanya kazi ya miguu dhidi ya bondia wa kushoto, anashikana na mafowadi. Sparingi inaanza siku 60 zikiisha, si kabla. Pambano la nane, miezi mitano baada ya Ujerumani, liwe la raundi sita hapa Nairobi dhidi ya mtu mgumu asiye na konde kali, na kocha amwambie waziwazi asitafute KO. La tisa, raundi sita tena, dhidi ya bondia wa kushoto. Dar es Salaam ina soko la ngumi lenye uhai, na basi kutoka Nairobi ni nauli, si viza. La kumi liwe la raundi nane. Yakienda umbali wote, atakuwa ameongeza raundi 20 juu ya 15 alizonazo, na faili la vipimo likiwa limejaa.

Simu ya siku ya 41 jibu lake linaweza kuandikwa tangu leo na kuhifadhiwa kwenye simu ya meneja: "Amefungiwa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo tunahitaji wiki saba, raundi sita, tiketi tatu, na video mbili za mpinzani kabla ya kutaja bei."